Namna ya Kukivika Chuo Kichanga Ngao ya Kale

Tuseme umefungua chuo Marekani. Kibali cha jimbo unacho, jengo umepanga, walimu wachache wenye moyo wamekubali mshahara mdogo, na wanafunzi wa kwanza wanakaribia kujiandikisha. Kinachokunyima usingizi ni kimoja tu: chuo cha jirani kina ngao. Imo langoni, kwenye bahasha, kwenye fulana na kwenye vikombe vya kahawa. Mzazi akiitazama anaamini kwamba nyuma ya lango lile kuna hekima ya karne tatu. Wewe una jina tupu, limechapwa kwa kompyuta ya ofisini.

Usione haya, ndugu yangu. Gere hiyo hiyo ndiyo iliyozaa ngao nyingi unazozitamani. Mimi nazipenda ngao hizi, na nakuhakikishia kwamba nyingi zimeazimwa, zimeokotwa au zimechorwa na mtu mmoja mwenye kalamu nzuri. Njia za mkato zipo, na zimekwisha kanyagwa na wakubwa kabla yako. Zifuate hatua kwa hatua, nami nitakuonya mahali penye shimo.

1. Usimwombe mtu ruhusa

Huko Uingereza kuna College of Arms, iliyoanzishwa mwaka 1484, ambayo hutoa ngao kwa niaba ya taji, na kwa ada. Marekani haina ofisi kama hiyo kwa raia wala kwa vyuo vyao. Katiba yao inaikataza serikali kuu kumpa mtu cheo cha kikabaila, na watu waliomfukuza mfalme hawakuona sababu ya kubaki na watumishi wake wa ngao. Jeshi lina taasisi yake, Institute of Heraldry, pale Fort Belvoir, Virginia, lakini hiyo huhudumia majeshi na idara za serikali. Wewe haikuhusu.

Maana yake ni nyepesi: bodi yako ikikaa Jumanne na kupitisha ngao, Jumatano mnayo ngao. Chuo cha William & Mary kule Virginia kilipata yake kutoka London mwaka 1694, uwanja wa kijani, jengo la fedha na jua la dhahabu linalochomoza, lakini siku hizo Virginia ilikuwa koloni. Hadi leo London iko tayari kuibunia taasisi ya Kimarekani ngao, mradi gavana wa jimbo aridhie na ada ilipwe. Hiyo ni safari ndefu. Pesa hiyo nunulia vitabu.

2. Okota ya zamani kabla ya kuchora mpya

Hakuna njia ya mkato tamu kuliko kabati la nyaraka. Waulize Harvard. Mwaka 1643 wasimamizi wa chuo walichora kwenye kitabu cha kumbukumbu za kikao ngao yenye vitabu vitatu, na juu yake neno VERITAS, yaani ukweli. Kisha wakaisahau. Karibu karne mbili zikapita. Josiah Quincy, mkuu wa chuo, alipokuwa akipekua nyaraka ili aandike historia ya chuo kwa ajili ya sherehe ya miaka 200 ya mwaka 1836, akakutana na mchoro ule. Akauinua juu, na leo ndio ngao ya chuo inayojulikana kuliko zote Marekani.

Angalia vizuri alichokiokota. Katika mchoro wa kwanza vitabu viwili vimefunguka kutuelekea, na kile cha chini kimefunikwa kifudifudi. Wengi wanakisoma kama ungamo kwamba yapo mambo ambayo akili ya mtu haijafunuliwa. Baadaye vitabu vyote vitatu viligeuzwa vikatazama juu. Mimi ningekiacha kile kimoja kimelala. Chuo kinachokiri kwamba hakijui yote ni chuo ambacho ningempeleka mwanangu.

Utasema chako kimezaliwa juzi, hakina kabati. Lakini mji wako unalo. Nenda kwenye makavazi ya wilaya, tafuta muhuri wa kwanza wa mji, chapa ya kiwanda kilichofungwa, ramani ya mto. Mtoto asiye na historia hurithi ya nyumba aliyozaliwa.

3. Azima, lakini azima kwa ndugu

Kuazima si aibu. Chuo Kikuu cha Pennsylvania kilichukua duara tatu nyeupe kutoka ngao ya William Penn, mwanzilishi wa koloni, na pomboo kutoka ngao aliyoitumia Benjamin Franklin, mwanzilishi wa chuo. Kikaongeza vitabu viwili, kazi ikaisha. Anayeitazama anajua mara moja ni mji gani na ni mzee gani.

Rutgers, kilichoanzishwa mwaka 1766 na Waholanzi wa Kanisa la Matengenezo, kiliazima jua na kaulimbiu ya Chuo Kikuu cha Utrecht kule Uholanzi. Utrecht inaliomba jua la haki liwaangaze. Rutgers wakaongeza ombi kwamba liangaze na Magharibi pia. Huko ndiko kuazima kwa adabu: unachukua cha mzazi, kisha unaongeza lako.

Vyuo vya Wajesuti vinavyoitwa Loyola, vya Chicago, Maryland na New Orleans, vyote vimebeba mbwa mwitu wawili na chungu kinachoning'inia kati yao, ngao ya ukoo wa Ignasi wa Loyola, mwanzilishi wa shirika lao. Hadithi ya ukoo husema nyumba ile ilikuwa na ukarimu kiasi kwamba baada ya watu kushiba hata mbwa mwitu walipata. Kwa chuo kinacholisha wanafunzi wa kila taifa, sijui picha iliyo bora zaidi.

Sasa shimo lenyewe. Usichukue ngao ya mtu kwa sababu tu mnafanana jina. Mitaani na mtandaoni wapo wanaouza "ngao ya ukoo" kwa kila jina lililomo kwenye kitabu cha simu. Kwa mila ya ngao za Kiingereza, ngao ni ya mtu na wazao wake, si ya kila aitwaye kama yeye. Wala usinakili nembo ya chuo kikubwa ukabadilisha rangi. Vyuo hivyo vimeandikisha alama zao chini ya sheria ya alama za biashara, na barua za mawakili wao zimekwisha kufika hadi kwenye shule za sekondari zilizopaka nembo hizo kwenye kofia za timu. Nguo ya kuazima haisitiri matako, na ya wizi huvuliwa hadharani.

4. Weka kitabu, uwe na amani

Ukikosa la kuchora, chora kitabu kilichofunguka. Harvard kina vitatu, Brown kina vinne pembeni mwa msalaba mwekundu, Yale kina kimoja chenye maandishi ya Kiebrania, Princeton kina chake, Chicago chake, Notre Dame chake. Wote walijifunza kwa Oxford na Cambridge, ambazo zina kitabu ngaoni tangu kale.

Usijali kwamba kila mtu anacho. Ngao ni salamu, na salamu haihitaji kuwa ngeni ili iwe ya kweli. Mtu akiona kitabu anajua amefika shuleni, hajafika benki. Ila sharti langu ni moja: maktaba iwepo. Hata rafu mbili, lakini ziwepo, na zifunguliwe hadi usiku.

5. Mlipe fundi mmoja anayejua

Usikabidhi kamati kalamu. Kamati ya watu tisa itakuletea ngao yenye mwenge, tai, mlima, kompyuta, mikono inayoshikana na ramani ya dunia. Tafuta mtu mmoja mwenye jicho, mpe chai, mwache afanye kazi.

Vyuo vya Marekani viliwahi kumpata mtu huyo. Aliitwa Pierre de Chaignon la Rose, mhitimu wa Harvard. Chuo cha Chicago kilipohitaji ngao, karibu mwaka 1910, akawapa ndege wa hekaya anayeungua na kufufuka kutoka majivuni. Kwa nini? Kwa sababu mji wa Chicago uliteketea mwaka 1871 ukajengwa upya, na chuo cha kwanza chenye jina hilo kilikufa mwaka 1886 kabla hiki cha sasa hakijazaliwa mwaka 1890. Ndege mmoja akabeba misiba miwili na ufufuo wake.

Notre Dame, ambacho jina lake kamili linamtaja Mama Maria na ziwa, akakipa nyota ya Maria na mawimbi chini. Rice, kule Houston, kilichofunguliwa mwaka 1912, akakipa bundi watatu. Najua msomaji wa Kiswahili ameshtuka, maana kwetu bundi akitua juu ya paa watu huanza kuhesabu wagonjwa. Lakini bundi hawa wametoka kwenye sarafu ya fedha ya Athens ya kale, ndege wa Athena, mungu wa hekima. Wanafunzi wa Rice wanajiita Bundi hadi leo, na kwa fahari.

Jifunze kwa fundi huyu: kila alichochora kina jibu ukiuliza. Picha isiyo na jibu iondoe, hata kama mwenyekiti wa bodi anaipenda.

6. Rangi mbili zikitosha, simama hapo

Kanuni ya rangi ni ya zamani na inaokoa pesa. Dhahabu na fedha, yaani njano na nyeupe, huitwa metali. Nyekundu, bluu, nyeusi, kijani na zambarau huitwa rangi. Metali haikai juu ya metali, rangi haikai juu ya rangi. Nyeupe juu ya nyekundu, sawa. Njano juu ya bluu, sawa. Bluu juu ya nyeusi, hapana.

Kanuni hiyo inatoka vitani, ambako askari alihitaji kumtambua mwenzake kwa mbali, katikati ya vumbi. Leo hutaenda vitani, lakini ngao yako itachapwa kwenye kalamu, itashonwa kwenye kofia na itaonekana kwenye simu ikiwa ndogo kuliko ukucha. Harvard wametumia vitabu vyeupe juu ya wekundu, basi. Ukiitazama kutoka upande wa pili wa barabara unaijua.

7. Mnyama atazame kulia

Hapa wengi huumbuka. Kulia kwa ngao ni kulia kwa aliyeibeba, kwa hiyo kwako unayeitazama ni upande wa kushoto. Huo ndio upande wa heshima, na ndio anaoelekea mnyama au kofia ya chuma. Anayetazama upande mwingine anaonekana kuwapa mgongo adui zake.

Usidhani kosa hili ni la wadogo tu. Chuo cha kijeshi cha West Point kilipata ngao yake mwaka 1898, yenye tai na kofia ya vita ya Athena, vyote vikitazama kushoto kwa ngao. Wanajeshi wakaibeba hivyo kwa miaka 25, hadi mwaka 1923 mjuzi mmoja wa Wizara ya Vita alipoisema, tai na kofia vikageuzwa. Kabla ya kuipeleka yako kiwandani, ivae kifuani, nyoosha mkono wa kulia, na uhakikishe mnyama anautazama.

8. Kaulimbiu iwe fupi, na iwe kazi unayoweza kuifanya

Kilatini kina heshima yake, sikatai. Yale wana nuru na ukweli, na Indiana na Montana nao wamejichukulia maneno hayo hayo, hakuna aliyegombana. Columbia wamekusanya Kilatini, Kigiriki na Kiebrania kwenye muhuri mmoja, na juu ya hayo wamebaki na taji. Chuo hicho kilizaliwa mwaka 1754 kikiitwa cha Mfalme, kikabadilishwa jina mwaka 1784 baada ya mapinduzi, lakini taji hakikulitupa. Jamhuri ikamkataa mfalme, chuo kikabaki na kofia yake. Binadamu ndivyo tulivyo: tunapenda kung'aa, na si dhambi.

Wengine walipita njia yao. Stanford walichagua Kijerumani kusema kwamba upepo wa uhuru unavuma. MIT, kwenye muhuri wao wa mwaka 1864, wakachagua akili na mkono, wakamweka fundi upande mmoja na msomi upande mwingine. Hiyo ya MIT ndiyo ningekuchagulia kuwa mfano, kwa sababu ukiingia karakana yao unaikuta. Kaulimbiu ni ahadi. Usiahidi nuru ya ulimwengu ikiwa unafundisha uhasibu na uuguzi. Sema hesabu safi na mikono safi, nao wazazi watakuelewa.

9. Usikivishe chuo joho la tajiri wake

Hapa naomba ukae kitako, maana ni hatua ambayo watu wema wamejikwaa.

Mfadhili atakuja. Atatoa pesa nyingi, kisha kwa upole atauliza kama ngao ya familia yake inaweza kupata nafasi. Au mbaya zaidi, hataomba, ninyi wenyewe mtampelekea kwa shukrani. Ndivyo ilivyokuwa Harvard. Kiti cha kwanza cha ualimu wa sheria kilitokana na wasia wa Isaac Royall mdogo, na mwaka 1936, chuo kilipotimiza miaka 300, la Rose alikitengenezea kitivo cha sheria ngao yenye miganda mitatu ya ngano, ngao ya ukoo wa Royall. Ilipendeza sana. Lakini utajiri wa ukoo huo ulitoka kwenye shamba la miwa kisiwani Antigua na kwenye jasho la watumwa, na pale Medford, Massachusetts, makazi ya watumwa wao yamesimama hadi leo kando ya jumba la bwana. Ngao ilionyesha ngano. Waliokata miwa hawakuonekana popote.

Mwaka 2015 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cape Town walidai sanamu ya mkoloni Cecil Rhodes iondolewe, na ikaondolewa. Wanafunzi wa sheria wa Harvard wakaliona hilo kutoka ng'ambo ya bahari, wakaunda harakati yao wakaiita Royall Must Fall. Machi 2016 kamati ikapendekeza ngao istaafishwe, na chuo kikakubali. Lakini sikiliza pia aliyepinga: Annette Gordon-Reed, profesa wa hapo hapo na mwanahistoria mweusi wa utumwa, alitaka ngao ibaki, ili kila anayeiona akumbushwe waliolipia elimu ile. Wote wawili, kamati na yeye, walikuwa wanapigania watu wale wale. Mwaka 2017 likawekwa jiwe la kumbukumbu ya watumwa hao, na mwaka 2021 ikaja ngao mpya yenye maneno ya sheria na haki.

Kwa hiyo ufanye nini tajiri akija? Mpe bamba la shaba ukutani, mpe kiti cha mbele siku ya mahafali, mpe picha yake ukumbini. Bamba hufunguliwa kwa bisibisi. Ngao ni ya kila mwanafunzi atakayekuja, hata yule ambaye babu zake walikuwa upande wa pili wa daftari la tajiri huyo. Kabla ya kuchora alama ya mtu yeyote, uliza pesa yake imetoka wapi, na uulize mapema.

10. Ukishaipata, iache

Atatokea kijana mwenye mawazo mapya atakayesema ngao imepitwa na wakati. Mwambie habari za Chuo Kikuu cha California. Mwishoni mwa mwaka 2012 walileta nembo mpya ya kisasa kwa kazi za matangazo, bila kuuondoa muhuri wa zamani kwenye shahada. Wanafunzi na wahitimu hawakutaka kujua tofauti hiyo. Zaidi ya watu 50,000 walitia saini kuikataa, na Desemba ile ile chuo kikairudisha kabatini. Mhitimu anaweza kusahau jina la mwalimu wake wa fizikia, lakini mguse alama iliyo kwenye shahada yake uone.

11. Kisha fundisha

Hatua hii usiiruke, maana bila hiyo zote kumi ni utapeli. Januari 2019 ilijulikana kwamba Chuo Kikuu cha Farmington, jimbo la Michigan, hakikuwa chuo. Kilikuwa mtego wa maafisa wa uhamiaji wa serikali ya Marekani yenyewe. Hakikuwa na walimu, hakikuwa na vipindi. Kilichokuwa nacho ni tovuti nzuri, ofisi, ngao ya nyekundu na bluu, na kaulimbiu ya Kilatini ya maarifa na kazi. Wanafunzi wapatao 600, wageni, wengi wao Wahindi, walijiandikisha na kulipa ada. Wengi wakakamatwa na kulazimika kuondoka nchini. Wapo waliosema walidhani ni chuo kweli. Kabla ya hapo maafisa hao walikuwa wamekwisha kuunda kingine, cha New Jersey, nacho kikiwa na muhuri na Kilatini chake.

Nimekufundisha njia za mkato kwenye ngao kwa sababu huko zinaruhusiwa. Azima pomboo, okota mchoro, nakili kitabu cha Oxford, ongeza miaka kwa Kilatini. Hakuna mwanafunzi atakayeumia. Lakini ngao huaminiwa kabla darasa halijaonekana, na kijana aliyetoka mbali na ada ya wazazi wake mfukoni ataiamini kabisa, kwa moyo wake wote. Ukitaka ngao yako izeeke kwa heshima, lipa mshahara wa mwalimu tarehe ya mwisho wa mwezi, fungua maktaba, sahihisha mitihani kwa wakati. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ukiyafanya hayo kwa miaka 30, chuo kingine kichanga kitakuja kuiazima ngao yako. Kipe.